Kampuni Zinazovuka Bahari: Uhakiki wa Istilahi za Wajapani Waendao Ng'ambo

Habari za vijana wa Kijapani wanaoanzisha kampuni mjini Tokyo, Osaka au Fukuoka, kisha wakaandaliwa kuzipeleka kampuni hizo katika masoko ya ng'ambo, zimeanza kuandikwa kwa Kiswahili. Zinaonekana katika magazeti, katika vipeperushi vya mikutano ya biashara na, lililo zito zaidi, katika tafsiri za mikataba. Wafasiri wetu wamejitahidi, nasi hatuna budi kuwashukuru, maana kazi ya kukipa jina kitu kipya hufanywa aghalabu usiku mmoja, na mhakiki huja asubuhi akiwa amekwisha kulala usingizi wake. Walakini uhakiki nao ni sehemu ya kazi ya istilahi. Makala hii inakusudia kuyapima baadhi ya maneno hayo, na hoja yake ni moja: karibu yote yametungwa kwa kulitazama neno la Kiingereza, ilhali Kiingereza katika habari hii ni kituo cha njiani tu. Mambo yenyewe yametoka Japani yanakuja kwetu, na pale kituoni mizigo kadhaa imeachwa.

Yafaa kwanza tueleze ni mambo gani hayo. Mwezi wa Novemba 2022 serikali ya Japani ilitoa mpango wa miaka mitano wa kuzikuza kampuni za aina hii. Mpango huo ulikusudia kuongeza fedha zinazowekezwa katika kampuni hizo kutoka kiasi cha yeni bilioni 800 kwa mwaka hadi yeni trilioni 10 ifikapo mwaka wa fedha 2027, na kuwapeleka ng'ambo vijana wapatao 1,000 wakajionee jinsi biashara inavyoendeshwa huko. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda ilikuwa imeanzisha utaratibu uitwao J-Startup, ambao huchagua kampuni zenye matumaini na kuzipa msaada maalumu. Nalo JETRO, shirika la kukuza biashara ya nje lililopata umbo lake mwaka 1958 wakati Japani ilipokuwa ikihangaika kuuza nje bidhaa za viwanda vyake, sasa huwatafutia vijana hao washauri, wateja na wanasheria kwa kutumia ofisi zake zilizo katika nchi nyingi, Nairobi ikiwa mojawapo. Mwanzilishi anayeandaliwa hufundishwa kueleza wazo lake kwa dakika chache mbele ya wenye mitaji, kuchagua nchi ya kuanzia, kulipima jina la bidhaa yake katika masikio ya wageni, kutafuta mtu wa kufanya naye kazi huko aendako, na kutambua ni wakati gani inampasa aiache njia aliyoishika.

Msomaji atauliza kwa nini taifa lenye kampuni zilizoenea dunia nzima lihitaji kufundisha watu wake kuvuka bahari. Jibu ni kwamba kikwazo chao ni utajiri wa soko la nyumbani. Japani ina watu zaidi ya milioni 120, wenye fedha, wanaosema lugha moja. Mwanzilishi anaweza kuishi maisha yake yote kwa kuwauzia hao peke yao. Wajapani wenyewe wametunga neno la kujikosoa katika jambo hili, nalo ni garapagosuka, yaani kugeuka kuwa kama visiwa vya Galápagos, ambako viumbe vilikua kwa namna yao pekee kwa kutengwa na bara. Neno hilo lilisemwa hasa juu ya simu za mkononi. Huduma ya i-mode ilianza Japani mwezi wa Februari 1999, na katika miaka michache iliyofuata simu za nchi hiyo ziliweza kupokea barua pepe, kuonyesha televisheni na kulipia bidhaa dukani, mambo ambayo wengine walikuwa bado kuyaona. Lakini zilikuwa zimefungamana mno na mitambo na desturi za kwao hata hazikuuzika kwingineko. Katika makala moja ya Kiswahili niliona neno hilo limefasiriwa kuwa ni kutengwa. Tafsiri hiyo haitoshi, maana kutengwa ni jambo la kutendewa. Mimi ningependekeza ukisiwa: hali ya kitu kustawi vizuri sana mahali pamoja hata kikashindwa kuishi penginepo. Kwa watu wa mwambao, Pemba, Lamu au Mafia, neno hilo halitahitaji maelezo.

Sasa tuingie katika istilahi iliyo kichwa cha nyingine zote. Kampuni hizi sisi tumezoea kuziita kampuni changa. Neno changa ni zuri katika mahali pake. Mtoto ni mchanga, embe ni changa, na katika elimu ya uchumi tunasema viwanda vichanga tukimaanisha viwanda ambavyo taifa huvilinda kwa ushuru mpaka vipate nguvu za kushindana. Hapo ndipo penye matatizo. Ofisa anayesoma kwamba kampuni changa kutoka Japani inaomba kibali atafikiri, na hatakosea kwa mujibu wa lugha, kwamba ni kampuni isiyo na nguvu bado, inayoomba kulindwa. Kumbe dhana yenyewe haihusu umri wala udhaifu. Mwalimu mmoja Mmarekani wa masuala haya, Steve Blank, ameeleza kwamba kampuni ya aina hii ni chombo cha muda kilichoundwa ili kutafuta namna ya kufanya biashara inayoweza kurudiwa na kukuzwa. Ikikwisha kuipata, imekuwa kampuni ya kawaida. Kwa hiyo sifa yake ya kwanza ni kutafuta, na ya pili ni kukua kwa kasi. Duka la rejareja lililofunguliwa jana Kariakoo ni changa, lakini si kampuni ya aina hii, kwa sababu mwenyewe anajua tangu mwanzo biashara yake inavyokwenda.

Japani ilikwisha kupita katika shimo hilohilo, na historia yake ni somo kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 liliingia huko neno bencha, lililoenezwa hasa na kitabu cha mwaka 1971 cha wanauchumi Kiyonari Tadao, Nakamura Hideichirō na Hirao Kōji. Asili yake ni Kiingereza, lakini Wajapani walilitumia kwa namna yao wenyewe: kampuni ndogo yenye kuuza akili na utaalamu. Kwa kuwa halikuwa na mpaka ulio wazi, neno hilo lililegea miaka ilivyopita, likataja takriban kila kampuni ndogo isiyokuwa ya kizamani. Yule aliyetaka kuwa na ofisi tatu Tokyo na yule aliyetaka kuuza duniani kote waliitwa kwa jina moja. Hatimaye waandishi na serikali wakalazimika kuleta neno jingine, sutātoappu, ili kumtenga yule wa pili. Haikuwa fahari ya kupenda maneno mapya tu. Mpango wa fedha haugawanyiki vizuri ikiwa neno moja linawachanganya watu wawili wenye mahitaji mbalimbali.

Wapo wanaosema tufuate mfano huo, tuseme startapu, basi. Sina chuki na maneno ya kukopa. Kijapani na Kiswahili ni ndugu katika jambo hili, kwani zote mbili hupenda silabi zenye kumalizikia kwa irabu: wao wamefanya basu, shatsu na chiketto, sisi tumefanya basi, shati na tiketi, wala hakuna aliyedhurika. Lakini startapu halijakubali kuingia mlangoni. Lina konsonanti mbili za kugombana katikati yake, na mkulima wa Njombe akilisikia redioni hapati hata ncha ya kulishika. Bora zaidi, nionavyo mimi, ni kampuni chipukizi, ambayo baadhi ya waandishi wamekwisha kuitumia. Najua pingamizi: chipukizi limetumika mno kwa wachezaji wa mpira na kwa watoto wa chama. Hata hivyo lina mambo mawili ambayo changa haina. Kwanza, ndani yake mna kitenzi. Kuchipuka ni kwenda, na anayechipuka aweza kunyauka pia, kama zinavyonyauka nyingi ya kampuni hizi. Pili, chipukizi hutoka hata katika kisiki. Japani imejaa kampuni zilizochipuka katika maabara ya vyuo vikuu na katika matumbo ya kampuni kuu za zamani. Kuziita changa ni kusahau shina.

Ama kuhusu watu wenyewe, tumekuwa tukiwaita waasisi. Neno hilo tumelitunza kwa heshima. Katika Tanzania mtu akisema Waasisi wa Taifa, sote twajua anawataja Mwalimu Nyerere na Mzee Karume. Kumwita kijana wa miaka ishirini na sita mwasisi kwa kuwa juzi amesajili kampuni ya watu wanne ni kuitoa sarafu ya dhahabu kununulia karanga. Wajapani hutofautisha. Aliyeweka msingi wa kampuni iliyosimama huitwa sōgyōsha. Anayeinua biashara mpya kutoka mavumbini huitwa kigyōka, na herufi ya kwanza ya neno hili maana yake ni kuinuka. Nasi tunazo njia mbili tayari. Mwanzilishi limtoshe huyu anayeanza, na mwasisi limsubiri mpaka jengo lake lionekane.

Katika maneno yote niliyoyaona, lenye hatari kuliko yote ni mbia. Kijana anayeandaliwa kuvuka huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba lazima atafute pātonā katika nchi aendayo. Neno hilo la Kijapani limetokana na Kiingereza, nalo ni pana kama chandarua: mwuzaji wa bidhaa zake ni pātonā, mwenye mtaji ni pātonā, chuo kinachomsaidia utafiti ni pātonā, hata mwenye gari la kusafirishia mizigo ni pātonā. Linapofika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, mfasiri hufungua kamusi, akaona mbia, akaandika mbia. Lakini kwetu mbia ana maana yake katika sheria na katika desturi. Wabia huchanga mali, hugawana faida na hasara, na katika ubia wa kawaida kila mmoja humfunga mwenzake kwa mapatano anayoyafanya, na huwajibika kwa madeni ya shirika lao. Wakala si hivyo. Yeye hutenda kwa niaba ya mwingine, na hasara ya bidhaa si yake maadamu ametenda kwa uaminifu. Msambazaji naye ni mbali: hununua kwa fedha yake na kuuza kwa bei yake. Na mshirika ni neno pana ambalo halimfungi mtu deni lolote mpaka lifafanuliwe.

Hebu tutazame yanayoweza kutokea. Mjapani ametia sahihi mkataba wa lugha mbili. Katika Kiingereza amesoma neno pana, akaridhika; katika Kiswahili imeandikwa kwamba mwenye duka la jumla pale Mwanza ni mbia wake. Mwaka wa pili bidhaa hazikuuzika. Mwenye duka anadai sehemu yake ya mali ya kampuni, kwa kuwa mbia ana haki hiyo. Au, upande mwingine, wadai wa kampuni wanamfuata mwenye duka kwa madeni ambayo hakujua kwamba yapo. Kila mmoja anasoma mkataba wake na kila mmoja ana haki. Zamani tungeweza kusema kwamba mahakama itafuata Kiingereza. Lakini mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwa haraka na mfasiri aliyelipwa kwa ukurasa laweza kusomwa na jaji kwa utulivu. Istilahi hizi nne, mbia, mshirika, wakala na msambazaji, hazihitaji kutungwa. Zimo katika lugha tangu siku za majahazi. Linalohitajika ni mfasiri kuuliza, kabla ya kuandika, ni nani anayebeba hasara.

Vivyo hivyo nasema juu ya mtaji wa ubia, jina tulilowapa wale wanaotoa fedha kwa kampuni chipukizi wakitaraji kwamba moja katika nyingi itafanikiwa na kulipia zilizokufa. Ubia upo, sikatai, kwa kuwa wao hununua hisa. Lakini kila mwenye hisa katika kila kampuni ni hivyo. Kinachoutofautisha mtaji huu ni ujasiri wa kukubali hasara nyingi kwa ajili ya faida moja kubwa. Mtaji thubutu lingekuwa jina la kweli zaidi, na msikilizaji angeonywa na jina lenyewe.

Tukija katika tendo la kwenda ng'ambo, waandishi wetu wamechagua vitenzi vya vita. Kampuni ya Kijapani inavamia soko la Kenya, inateka soko la Uganda, inajitanua Afrika Mashariki. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba kujitanua ndilo neno tulilokuwa tukilitumia kwa mabeberu. Huenda mwandishi ataka kuchangamsha habari tu; lakini Wajapani wana sababu zao za kuogopa vitenzi vya namna hii, na sababu hizo ni za istilahi hasa. Katika Kijapani kwenda ng'ambo kwa kampuni huitwa kaigai shinshutsu, na shinshutsu maana yake ni kusonga mbele na kutokea nje. Mwaka 1982 magazeti ya Japani yaliripoti kwamba Wizara ya Elimu iliwataka waandishi wa vitabu vya historia waache kuandika kwamba Japani iliivamia China, na badala yake watumie neno hilohilo, shinshutsu. Baadaye ilibainika kwamba habari hiyo, kwa vitabu vya mwaka ule, haikuwa sahihi kama ilivyoandikwa. Lakini serikali za China na Korea Kusini zilikwisha kulalamika rasmi, na ugomvi ukawa mkubwa. Neno moja la biashara na la vita kwa pamoja lilitosha kuwasha moto kati ya mataifa.

Na si mara ya kwanza. Fukuzawa Yukichi, ambaye sura yake ilikuwa juu ya noti ya yeni 10,000 kwa miongo mingi, amesimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyotafsiri kitabu cha uchumi cha Kiingereza zamani za utawala wa shoguni. Alipofika katika dhana ya ushindani wa kibiashara hakukuta neno, akatunga kyōsō kwa kuunganisha herufi ya kushindana na herufi ya kupigana. Ofisa wa hazina aliyetaka kuisoma tafsiri hiyo alichukizwa na ile herufi ya pili, akasema haina amani, haifai kuonyeshwa wakubwa. Fukuzawa hakubadili neno. Alilifuta kwa wino mweusi katika nakala ya ofisa. Leo kyōsō ndilo neno la kila siku la Japani, na yule ofisa hatumjui. Hata hivyo mimi humwonea huruma kidogo. Alikuwa na sikio. Alisikia kwamba neno limekuja na panga.

Badala ya shinshutsu, siku hizi taarifa rasmi hupenda kusema kaigai tenkai. Kai ni bahari, gai ni nje: mahali palipo nje ya bahari. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakiwezi kuifuta, kwa kuwa sisi tunalo ng'ambo, upande wa pili wa maji. Mtaa wa Ng'ambo wa Unguja uliitwa hivyo kwa sababu ulitengwa na Mji Mkongwe na mkono wa bahari tu. Wanaofasiri kwa nje ya nchi hawakukosea. Hiyo ni lugha ya watu wenye mipaka ya nchi kavu. Lakini ukimtaja Mjapani, ambaye kila nchi ya kigeni kwake ni lazima ivukiwe maji, kwa nini uache ng'ambo? Na tenkai ni kufunguka na kuenea, kama mkeka unavyotandikwa. Kitenzi chetu kilicho karibu nacho ni kutandaa, ambacho kwa shina ni ndugu wa mtandao. Kwa hiyo naona tuwe na hatua mbili. Kuvuka ni kule kufika. Kutandaa ni kule kuenea na kukaa. Tofauti hii ina kazi: kampuni ya Mercari, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 2013 kwa ajili ya watu kuuziana vitu vilivyotumika, ilivuka kwenda Marekani mwaka 2014 na baadaye ikavuka kwenda Uingereza, lakini Uingereza haikutandaa, na mwaka 2018 ilitangaza kufunga shughuli zake huko. Mwandishi aliyeandika kwamba kampuni hiyo ilijitanua Uingereza hakusema uongo kwa siku aliyoandika, ila neno lake halikuacha nafasi ya yaliyofuata.

Kuna dhana nyingine ambayo imefasiriwa vibaya kwa sababu ya kukosa kuangalia bahari. Ni ile ya mwanzilishi kuiacha njia ya kwanza na kushika nyingine bila kuliacha lengo lake. Nimeona kugeuka, nimeona kubadili msimamo, na pahali pamoja, Mungu atusamehe, nimeona kuzunguka kwa kisigino. Manahodha wetu wana kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku, ili chombo kifike kule ambako upepo hautaki kifike. Honda ilifanya jambo hilo waziwazi. Ilifungua kampuni yake ya Marekani mjini Los Angeles mwaka 1959 ikitaraji kuuza pikipiki kubwa, kwa kuwa Wamarekani walipenda vitu vikubwa. Pikipiki hizo ziliharibika katika barabara ndefu za nchi ile, ambako watu huendesha mbali na kwa kasi kuliko Japani. Wakati huo wafanyakazi wake walikuwa wakitumia pikipiki ndogo za Super Cub, za sentimita 50 za ujazo, kwa kutumwa mjini, na watu wakaanza kuwauliza zinapatikana wapi. Kampuni ikakata upande wa pili, ikafika. Pingamizi juu ya kubisha ni kwamba barani neno hili ni la kukataa shauri, na mlangoni ni la hodi. Sioni ubaya. Mfanyabiashara aliyeko ugenini huwa anayafanya yote matatu, na muktadha utatenga. Wenye hofu waseme kubisha njia.

Juu ya maneno mengine nitapita kwa haraka. Kiatamizi, kwa mahali ambapo mawazo ya biashara hulelewa, ni tunda zuri la lugha yetu. Kuku anaatamia, na kila mtu anaelewa. Kosa ni kulitumia pia kwa zile shule za miezi michache zinazochukua kampuni iliyokwisha kuanguliwa na kuiongezea mwendo. Wanafizikia wametupa mchapuko. Basi hizo ziitwe vichapuzi. Wasilisho, kwa yale maneno ya dakika chache mbele ya wenye mitaji, linanuka darasa. Kunadi wazo kuna uhai zaidi, na mnadani ndipo hasa kijana huyo anaposimama. Ujanibishaji wa bidhaa wakubaliwe. Ama kampuni ambayo haijauza hisa sokoni na thamani yake imefika dola bilioni moja, ambayo wengine huiita kwa jina la farasi mwenye pembe, mnyama ambaye hatumjui hata katika hekaya zetu, iitwe kampuni ya bilioni, yakaisha.

Limebaki suala la majina, ambalo katika maandalizi ya Wajapani huchukua muda mwingi, na kwa haki. Ibuka Masaru na Morita Akio walianzisha kampuni yao Tokyo mwaka 1946 kwa jina la Tokyo Tsushin Kogyo. Hakuna mgeni aliyeweza kulitamka. Wakaweka Sony juu ya bidhaa zao, na mwaka 1958 wakaligeuza jina la kampuni yenyewe. Baina ya hapo, mwaka 1955, Morita alikuwa New York akiuza redio ndogo, na kampuni ya Bulova ikataka kununua 100,000 kwa sharti kwamba ziuzwe kwa jina la Bulova. Wenzake wa Tokyo walitaka akubali. Alikataa. Mwaka 1963 alihamia New York pamoja na mke na watoto ili ajifunze watu wa huko wanavyoishi. Kinywaji cha Calpis nacho kiliitwa Calpico kilipofika Marekani, kwa sababu jina la kwanza lilisikika vibaya mno katika Kiingereza. Na Matsushita, ambayo tangu miaka ya 1960 ilitengeneza betri Dar es Salaam, iliuza kwetu kwa jina la National, jina ambalo Marekani haikuweza kulitumia kwa kuwa lilikuwa la mwingine. Huko ikajiita Panasonic.

Wako waliokuja kwa njia nyingine. Mwaka 2013, kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, ilichipuka kampuni ambayo leo inaitwa WASSHA. Inafanya kazi Tanzania: taa zinazochajiwa kwa nguvu za jua huwekwa katika maduka madogo, mwenye duka ambaye ni wakala hulipa kwa simu ili mtambo ukubali kuchaji, na wananchi wasio na umeme hukodi taa kwa usiku mmoja. Jina lake limetokana na kitenzi chetu washa. Kampuni hii haikuja na jina la Kiingereza ili tulifasiri, wala la Kijapani ili tulijifunze. Na shughuli yake yote hutajwa kwa maneno ambayo mwenye duka alikuwa nayo kabla haijafika: taa, kukodi, wakala, kulipa, usiku. Kati ya hayo hakuna hata moja lililohitaji kikao.

Imeulizwa kama magazeti yasahihishe tahajia, kwa kuwa Kiswahili hakiandiki s mbili mfululizo. Jina la kampuni ni mali ya mwenyewe, na liachwe kama lilivyosajiliwa, kwa herufi kubwa. Lakini katika gazeti moja nimeona imeandikwa kwamba wateja wanawassha taa. Hapo mhariri asahihishe.